Ua la Vuli Kandokando ya Mto Mara

Ndugu msomaji, ikiwa umewahi kusafiri kwa basi kutoka Musoma kwenda Tarime, bila shaka unalikumbuka daraja la Kirumi. Dereva hupunguza mwendo, abiria walio dirishani hugeuza shingo, na chini yao hutandaa mafunjo ya kijani kibichi ambayo jicho halioni mwisho wake. Huo ndio mto Mara ukikaribia kuingia Ziwa Viktoria. Umetoka mbali. Umeanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, ukapita katikati ya mbuga ya Maasai Mara, ukaingia kwetu kwa mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ukawa mpaka kati ya wilaya za Tarime na Serengeti, na hatimaye ukafika hapa baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 395.

Wageni wa nchi za mbali wanaujua mto huu kwa sababu moja tu, nayo ni nyumbu. Kati ya Julai na Oktoba kila mwaka makundi yao, ambayo kwa jumla hukadiriwa kuwa na wanyama milioni 1.3, huufikia mto na kujitupa majini mbele ya mamba na mbele ya kamera. Mimi sina ugomvi na nyumbu; na huko mbele utaona kwamba tuna deni kwao. Lakini leo nakuomba ufuatane nami wakati nyumbu wameshageuza nyuso kuelekea kusini, magari ya watalii yamepungua, na wingu la kwanza la vuli limesimama juu ya milima ya Tarime. Wakati huo ndipo, chini ya miti ya kandokando ya mto, linapochomoza jambo ambalo halina mtalii wala kamera. Naandika habari za ua.

Nilifika Tarime mwishoni mwa Oktoba iliyopita. Mji ule uko katika nyanda za juu, na asubuhi yake humlazimisha mtu wa pwani kutafuta sweta. Huko kuna migomba, kahawa, mahindi na ulezi, na ng'ombe ambao kwa Mkurya ni zaidi ya mali. Kutoka hapo nilishika njia ya mashariki, ile inayopita Nyamwaga na Nyamongo kuelekea Mugumu. Nyamongo unaijua kwa mgodi wake wa dhahabu ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Ndani ya gari habari zote zilikuwa za dhahabu: nani amelipwa fidia, nani amejenga, nani amerudi mikono mitupu. Barabara ikaanza kuteremka, joto likapanda, migomba ikabaki nyuma, na miti ya mgunga ikajitokeza. Nikashuka kabla ya kuufikia mto, nikatembea kwa miguu kwenda nyumbani kwa mama yangu.

Mama ana umri unaokaribia miaka tisini. Anaishi na Marwa, mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye ndiye mwenye boma sasa. Nyuma ya boma ardhi huteremka hadi kwenye kijito kinachoingia mto Mara, na kandokando ya kijito hicho, tangu nipate akili, palikuwa na kichaka cha mikuyu na miti mingine mirefu iliyoshikana matawi. Chini yake mchana ulikuwa kama jioni. Udongo wake mweusi haukukauka hata katika ukame wa Agosti. Sisi watoto tulikatazwa kucheza mle, tukacheza mle.

Jioni ile mama aliniambia, bila hata kuniuliza habari za safari, "Limetoka." Sikuhitaji kuuliza ni nini.

Asubuhi nilishuka. Hebu jaribu kuliona kama nilivyoliona mimi. Ardhi imefunikwa na majani makavu ya mkuyu, yote ya rangi ya kahawia. Katikati yake umesimama ufito mnono, hauna jani hata moja, urefu wake kama kutoka ncha za vidole hadi kiwikoni. Na shina lake chini lina madoa ya zambarau kama ngozi ya nyoka. Juu ya ufito huo kuna tufe jekundu lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga. Ukilisogelea unagundua kwamba tufe hilo si ua moja. Ni mkutano wa maua madogo, pengine mia, pengine hata mia mbili, kila moja likiwa na petali sita nyembamba kama uzi na chavulio sita zilizonyooka, na kila chavulio limebeba kichwani chembe ya manjano. Kwa hiyo tufe zima linaonekana kama linawaka na kutoa cheche. Waingereza wameliita kwa jina lenye maana ya yungiyungi la tufe la moto, na kwa mara hii moja sioni cha kuwasahihisha.

Nilihesabu kumi na saba. Miaka ya utoto wangu tulikuwa tukishindana kuhesabu, na hatukumaliza.

Wataalamu wa mimea huliita Scadoxus multiflorus. Neno hilo la pili maana yake ni lenye maua mengi. La kwanza ni jina la ukoo mzima, wenye aina zipatazo tisa tu, ambao makao yake ni Afrika, isipokuwa hili letu ambalo limevuka na kufika pia kusini-magharibi ya Bara Arabu. Wengi wa ukoo huo ni wapenda kivuli na unyevu. Mmoja amejichagulia milima ya Ruwenzori. Mwingine, huko Ethiopia, huishi juu ya miti kwenye misitu ya mvua. Jina lenyewe limepitia kesi ndefu. Thomas Martyn alilieleza ua hili mwaka 1795 na kuliweka katika ukoo wa Haemanthus. Mwaka 1838 Constantine Rafinesque akaliondoa humo na kulipa ukoo wake lenyewe, lakini wenzake hawakumsikiliza kwa muda wa karibu miaka mia moja na arobaini. Ilibidi wafike Ib Friis wa Denmark na Inger Nordal wa Norway, mwaka 1976, kuonyesha kwamba mzee yule alikuwa sahihi: jani la Scadoxus ni jembamba na lina mshipa wa katikati, na chembe hai zake zina kromosomu 18, hali Haemanthus wana 16 na hawatoki kusini mwa Afrika.

Usidhani, msomaji, kwamba hizo kromosomu ni mambo ya vitabuni yasiyotuhusu. Katika miaka ya 1950 mtaalamu mmoja wa Poland, Andrew Bajer, pamoja na mkewe Jadwiga Molè-Bajer, walikuwa wakitafuta kiumbe ambacho ndani yake wangeweza kuitazama chembe hai ikigawanyika. Walilipata jibu katika mbegu changa za ndugu wa ua letu, jamii ya kusini mwa Afrika iitwayo katherinae. Katika tishu laini inayoilisha mbegu hiyo, chembe hai ni kubwa na hazina ukuta mgumu, na kromosomu zake ni nene kiasi cha kuonekana waziwazi. Wakazipiga picha za sinema. Watu wakaona kwa macho yao kromosomu zikijipanga, zikiachana, na chembe moja ikiwa mbili, jambo linalotokea mwilini mwako wakati huu unaposoma. Wanafunzi wa sayansi wa nchi nyingi wamejifunza kwa picha hizo. Ndugu wa ua letu la vichakani ndiye aliyewafundisha.

Lakini sifa hiyo haikumfikia mwenye shamba. Nalifikiria ua la Usambara, lile dogo la zambarau. Lilimpata mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyepeleka mbegu kwao. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la ofisa huyo, na leo limo katika vyungu vya madirishani duniani kote. Nalo pia ni mtoto wa kivuli na unyevu. La kwetu halikupata ofisa. Pengine ni heri yake.

Nirudi nyumbani. Ua hili huishi juma moja, au mawili mvua ikilihurumia. Kisha majani yake mapana hutanuka, hufanya kazi msimu mzima wa mvua, na kiangazi kikija mmea wote hufa juu ya ardhi. Kinachobaki ni tunguu, lililolala chini ya udongo likisubiri. Na tunguu hilo ni sumu. Nawaomba wazazi wasome hapa kwa makini, kwa maana linafanana na kitunguu. Nilipokuwa na umri wa miaka saba nililichimba moja nikalipeleka jikoni kwa mama nikijiona mwenye akili. Kofi nililopata silisahau. Mama hakujua habari za kemikali, lakini alijua mbuzi wa jirani aliyetafuna tunguu kama lile na kufa. Katika sehemu mbalimbali za Afrika sumu yake imetumika kulewesha samaki na kupakwa kwenye mishale. Kwa hiyo likitazamwa lisichimbwe. Na aliyelichimba anawe mikono.

Mama alikuwa na matumizi mengine nalo. Likichomoza, mbegu za ulezi zilitoka ghalani. "Redio inasema mvua," alizoea kutuambia, "lile halisemi, linatoka."

Sasa nifikie jambo lililoniudhi. Nilipokuwa nikihesabu yale kumi na saba, niliona kwamba mwanga ulikuwa mwingi mno. Nikatazama juu. Mikuyu miwili haikuwapo. Visiki vyake vilikuwa bado vyeupe, na nyuma yake, hadi ukingoni mwa maji, palikuwa na matuta ya kabeji yaliyopangwa vizuri, na pampu ndogo ya petroli. Maua matatu kati ya yale kumi na saba yalikuwa juani, na rangi yake ilikuwa imeanza kugeuka kama kutu.

Nilimkuta Marwa anapalilia. Nilisema maneno makali ambayo mtu anayekuja mara moja kwa mwaka hana haki ya kuyasema. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kama heshima inavyotaka, kisha akasema kwa upole: "Baba mdogo, Bhoke yuko chuo cha uuguzi. Ada ya Januari italipwa na maua?"

Sikuwa na jibu, msomaji. Kabeji ya kiangazi inauzwa Nyamongo kwa bei nzuri, na kiangazi hakuna maji ila pale kijitoni. Nilimwambia tu kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto. Akaniambia anaijua, ilisomwa mkutanoni. Kisha akanionyesha kwa mkono bonde zima, juu na chini, na kweli, kila ukingo ulikuwa na kabeji, au nyanya, au tanuri la mkaa.

Kesho yake niliondoka kwa hasira, nikavuka daraja la mto Mara na kuingia wilaya ya Serengeti. Mugumu ni mji ulio changamfu, wenye vumbi na soko zuri. Kutoka hapo nilifuatana na mwenyeji mmoja, mzee wa Kiikoma, hadi upande wa Fort Ikoma, ambako Wajerumani walijenga ngome yao, karibu na mpaka wa hifadhi. Alinipeleka kwenye kichaka kimoja kisichokatwa. Watu wa huko, Waikoma, Wanata, Waishenyi na Wangoreme, wana mahali pa mababu wanapopaita emisambwa, ambapo panaweza kuwa chemchemi, mwamba au miti, na miti ya hapo haiguswi kwa shoka. Tuliingia kichwa chini, kwa adabu. Chini ya matawi maua yalikuwa yamesimama kama watu waliokuja mkutanoni mapema. Sikuhesabu. Mzee hakupenda kuona mtu akihesabu vitu vya mahali pale.

Tulipokaa kupumzika, ndege walikuwa wakigombania matunda juu yetu, na hapo nilikumbuka utafiti uliotangazwa mwaka 2009 na Gregory Sharam, Anthony Sinclair na Roy Turkington, ambao waliichunguza misitu ya kando ya mito ya Serengeti kujua kwa nini inapungua. Walikuta kwamba ndege wala matunda ndio walinzi wa misitu hiyo. Tunda likianguka lilivyo chini ya mti, wadudu huitoboa mbegu yake. Likimezwa na ndege, mbegu hutoka ikiwa imevuliwa nyama yake, na mdudu haishambulii sana. Msitu ukitobolewa kwa shoka au moto, ndege hawa huhama. Wakihama, mbegu huliwa na wadudu. Mbegu zikiliwa, miti mikongwe hufa bila watoto. Yaani kinachoanza na mikuyu miwili hakiishii kwenye mikuyu miwili.

Na moto ndipo deni letu kwa nyumbu linapoingia. Sotoka iliyoingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 iliua ng'ombe na nyumbu pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama robo milioni tu. Majani yasiyo na mlaji yalirefuka, yakakauka, na moto ukateketeza maeneo makubwa kila mwaka, ukiyala mapindo ya misitu. Ng'ombe walipochanjwa, sotoka ikawaacha nyumbu nao, na kufikia mwaka 1977 walikuwa wamezidi milioni moja na robo. Wakaila nyasi, na moto ukapungua. Mnyama yule ambaye wageni humpiga picha akivuka mto amekuwa, bila kujua, mzima moto wa nchi hii.

Lakini bondeni kwa mama hakuna nyumbu, na moto wa huko ni wa tanuri. Nililala Mugumu usiku mmoja nikarudi.

Nilimkuta Marwa na kamba. Hakusema kitu, alinipa ncha moja. Alikuwa ameipima kwa hatua na kuifunga fundo kila mita kumi. Tuliishikiza ukingoni mwa maji tukapanda nayo mlima. Fundo la pili lilikuwa katikati ya kabeji. La nne lilikuwa mwisho wa kabeji. La sita lilianguka katika shamba la muhogo la mama, shamba dogo analolilima mwenyewe kwa jembe la mpini mfupi, na ambalo hakuna mtu katika boma anayeruhusiwa kulipalilia. Tulisimama pale, kila mmoja akiogopa kusema alichokuwa akifikiri. Juu ya hapo ni mawe matupu. Kama kabeji zingehama, zingehamia hapo tu.

Mama alikuwa ametuona tangu chini. Alikuja polepole kwa fimbo yake, akaitazama kamba, akaufuata kwa macho hadi mtoni.

"Mura," alimwambia mjukuu wake, "ng'oa. Lakini uanze na mistari ya chini, ile ya juu haijakomaa."

Marwa alikataa. Alisema atatafuta njia nyingine. Alisema watu watamcheka kwamba amemnyang'anya bibi yake muhogo. Mama akamjibu kwamba meno ya kutafunia muhogo huo ameshayapoteza, basi wacheke. Mjadala ulichukua jioni nzima, na nisingependa kukudanganya kwamba uliisha kwa furaha. Mimi nilitoa nilichoweza: fedha za kununua mpira wa maji wa kuongezea, ili pampu ifikishe maji huko juu. Marwa alikubali kuhamisha kabeji baada ya kuvuna zilizopo, na kukiacha kichaka. Kwa mwaka mmoja, alisema. Bhoke akimaliza chuo tutazungumza tena. Na kama huko juu kabeji hazitakubali, tutazungumza mapema zaidi. Majirani wa juu na chini ya bonde hawakuahidi kitu, wala hakuna aliyewauliza.

Siku ya Mara, inayoadhimishwa na Kenya na Tanzania kila tarehe 15 Septemba, huangukia kabla ya ua hili kutoka. Ukienda kwenye sherehe hizo utakuta tunguu lingali limelala. Subiri mvua ya pili au ya tatu, kisha uende mahali popote penye kivuli cha zamani karibu na maji. Muombe mwenyeji ruhusa, na usilete jembe.

Mwezi Januari Marwa alinipigia simu. Ada ilikuwa imelipwa, nusu kwa kabeji na nusu kwa mbuzi wawili. Mpira wa maji ulikuwa umefika, lakini ni mfupi kwa hatua nane. Kisiki kimoja cha mkuyu kimechipua. Nikamwuliza habari za yale maua, kwa maana wakati huo vitunda vyake huwa vyekundu. Akanyamaza kidogo, nikajua ametoka nje kwenda kutazama. Akarudi akaniambia kwamba ya yale matatu yaliyo juani yamesinyaa yangali mabichi. Ya kivulini hakuyaona hata moja, ndege wameyamaliza.